Kuhesabu Mali ya Matopeni

Wazee wetu walisema, “Mali bila daftari hupotea bila habari.” Mwenye duka aliye hodari hufunga mlango wake siku moja katika mwaka, akateremsha bidhaa zote, akazihesabu na kuziandika. Asipofanya hivyo, huuza leo na kesho, na siku moja hushtuka kuona kwamba duka ni tupu, wala hajui mali yake ilikwisha lini. Hori za bahari na milango ya mito ni maduka ya namna hiyo. Watu wa pwani wamechukua humo samaki, kaa, kuni na boriti tangu zamani za kale, lakini hesabu yake haikuanza kuandikwa sawasawa ila juzi tu.

Mfano mzuri ni Gazi, katika Kwale, kiasi cha kilomita 50 kusini ya Mombasa. Hapo mito miwili, Kidogoweni na Mkurumuji, huingia baharini, na maji ya mvua huchanganyika na maji ya chumvi. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Yakishakupwa, uwanja mpana wa tope huonekana mahali ambapo saa sita zilizotangulia mashua ingepita. Siku za maji mafu hayarudi mbali hivyo. Kwa hiyo mpimaji wa mahali kama hapo hana budi kuuliza habari za mwezi kabla ya kupanga safari yake, na wavuvi ndio walimu wake wa kwanza.

Kazi yenyewe si ya ajabu, ila yataka uvumilivu. Ugwe mrefu hunyoshwa kutoka nchi kavu kuelekea baharini, na kando yake hupimwa viwanja vya mita 10 kwa mita 10. Katika kila kiwanja kila mti huandikwa jina lake, shina hupimwa unene mahali pa kifua cha mtu, yaani mita 1.3 kutoka chini, na miche yote huhesabiwa. Kenya ina aina 9 za miti ya mikoko, na zote hupatikana Gazi. Nayo haikujiotea ovyo. Mbele kabisa, mahali pa kupigwa na mawimbi, husimama mlilana. Nyuma yake ni mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyopinda kama mbavu za jahazi. Kisha huja muia na mkandaa. Mchu huonekana mbele na nyuma pia, hata mahali pafikwapo na maji siku za bamvua tu.

Miti ikiisha kuandikwa, mpimaji huinama chini. Matundu ya kaa huhesabiwa ndani ya fremu ndogo ya mbao. Lakini kwa kuwa tundu si kaa, hukaa kimya pia na darubini mkononi mpaka wenyewe watoke. Kaa hao wadogo ni wafanyakazi wakubwa. Huburuta majani makavu hadi matunduni mwao, huyala, na kwa kuchimba kwao huingiza hewa katika tope zito. Tope nalo huchekechwa, ili minyoo na konokono waliofichwa waonekane. Maji yakijaa, nyavu hutegwa ili ijulikane ni samaki gani wachanga wanaokuja kulelewa kati ya mizizi. Ndege hawasahauliwi, kwa maana wengi wao hutoka kaskazini ya mbali, wakafika yapata Agosti na kuondoka yapata Aprili, na chakula chao ni wadudu na minyoo wa tope hilo hilo.

Huenda msomaji akauliza, “Faida yake nini?” Katika miaka ya 1970 miti mingi ya Gazi ilikatwa kwa kuchomea chokaa na matofali, na sehemu nyingine zikabaki tupu. Mwaka 1991 majaribio ya kupanda upya yalianza. Miaka ilipopita, wataalamu walipima sehemu zilizopandwa, sehemu zilizoachwa tupu, na msitu wa asili, wakazilinganisha. Walikuta kwamba kaa walikuwa wamerudi katika sehemu zilizopandwa, hali sehemu tupu zilikuwa maskini. Bila kuhesabu, mtu angeona miti tu asijue kama uhai umerudi chini yake. Kuhesabu huonya pia. Wako wapandao mkoko popote waonapo tope, hata mahali pa mlilana palipo na mawimbi, na miche yao hufa. Aliyepima kwanza hujua mti gani ni wa mahali gani.

Tena mwaka 2013 wenyeji wa Gazi na Makongeni waliingia rasmi katika mpango uitwao Mikoko Pamoja. Hekta 117 za mikoko hutunzwa, na hewa ya kaboni inayozuiwa na miti hiyo, karibu tani 3,000 kwa mwaka, huuzwa. Fedha zake zimesaidia kuleta maji safi na kununua vitabu vya shule. Hapana mnunuzi atoaye fedha yake kwa kitu kisichopimwa; basi ule ugwe na lile daftari ndivyo vilivyofungua mlango wa biashara hiyo.

Mkulima wa bara asidhani kwamba habari hizi si zake. Mto Mwache hupita katika nchi ya Kinango na kuingia katika hori ya Port Reitz, magharibi ya kisiwa cha Mombasa. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilipofagia udongo wa juu, mto uliubeba hadi kwenye mikoko. Mizizi ya kupumulia ikafukiwa, na miti mingi ikafa ingali imesimama. Udongo uliompungukia mkulima ndio uliomwua mkoko wa mvuvi. Hasara ilikuwa moja, ingawa iliandikwa katika daftari mbili, na mwenye daftari moja hakuisoma ya mwenzake.

Kwa hiyo yafaa mtu alimaye kwenye mtelemko akate matuta yake kwa kufuata usawa wa ardhi, na aache majani yaote kando ya mto, asilime hadi ukingoni. Na kijiji cha pwani kitakacho kuanza hesabu yake chaweza kuanza na ugwe, fremu na kitabu. Iandikwe tarehe, na saa ya maji kupwa, na mahali penyewe; na mwaka ufuatao warudi mahali pale pale, wakati wa mwezi ule ule. Hesabu ya mara moja ni habari tu. Hesabu ya mara ya pili ndiyo ionyeshayo kama mali inaongezeka au inapungua, nayo huonya wakati bado kuna kitu cha kuokoa.