Skrini za mguso katika magari makuukuu: Tazama waya kabla ya kioo

Atakayepita mbele ya maduka ya vifaa vya elektroniki ya Luthuli Avenue jijini Nairobi hatakosa kuziona. Zimepangwa madirishani zikimetameta: redio za gari zenye skrini ya mguso, nyingine za inchi saba, nyingine tisa, nyingine kumi. Muuzaji humwahidi mteja kwamba kioo hicho kikishafungwa katika dashibodi, gari la 2005 litaonekana kana kwamba limetoka kiwandani juzi.

Ahadi hiyo si uongo mtupu. Hata hivyo, wanunuzi wengi huchagua kwa ukubwa wa kioo na wepesi wa bei, ilhali yanayoamua iwapo mali hiyo itafaa ni mambo yasiyoonekana dirishani: masafa, nyaya na mkono wa fundi. Akosaye kuyazingatia hapotezi fedha tu. Huenda akayahatarisha maisha yake na ya wenzake barabarani.

Chanzo cha biashara hii kinajulikana. Magari mengi ya kibinafsi humu nchini yaliletwa yakiwa yametumika, hasa kutoka Japan. Kiwango cha KS 1515 kinachosimamiwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, hakiruhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka minane. Likishaingia, gari hilo huendelea kutumika kwa miaka mingi, na redio lililokuja nayo hubaki ikizungumza lugha ya Kijapani na kusaka masafa ya Kijapani.

Suala la masafa lataka kuelezwa kwa utuvu, kwani ndilo huwapeleka wengi dukani. Kwa miongo mingi, Japan ilitenga megahezi 76 hadi 90 kwa matangazo ya FM, kisha ikasogeza mpaka huo hadi 95. Kenya hutumia megahezi 87.5 hadi 108. Redio ya zamani ya Japan, kwa hiyo, husikia kipande chembamba tu cha mwanzo wa masafa yetu.

Tiba ya bei nafuu ni kijisanduku ambacho mafundi hukifunga kati ya antena na redio ili kuyateremsha masafa. Kijisanduku kikiteremsha kwa megahezi 12, mathalan, Capital FM, ambayo tangu 1996 husikika Nairobi katika 98.4, itapatikana mahali palipoandikwa 86.4.

Lakini hesabu haidanganyi. Redio hiyo ina nafasi ya megahezi 14 pekee, nasi tunatumia 20.5. Hakuna kijisanduku kinachoweza kukimimina kibaba na nusu ndani ya kibaba kimoja. Katika mfano huo, stesheni zote zilizo juu ya 102 hazitafikiwa. Anayefuata habari, mahubiri au matangazo ya lugha ya mama katika stesheni hizo hana budi kubadilisha redio yenyewe.

Hapo ndipo uchaguzi unapoanza, na hatua ya kwanza si kutazama kioo bali kuchukua rula. Nafasi ya redio katika magari mengi hufuata vipimo vya kimataifa: upana wa milimita 180 na kimo cha 50 kwa ile nyembamba, au 180 kwa 100 kwa ile ya ghorofa mbili. Toyota nyingi za Japan zina upana wa milimita 200. Redio ya 180 ikiwekwa humo bila vipande vya kuziba pembeni itaacha nyufa, na ile ya 200 haitaingia katika nafasi ya 180 bila dashibodi kukatwa.

Skrini za inchi tisa na kumi huhitaji fremu iliyotengenezewa aina ile ile ya gari. Mnunuzi aulize iwapo fremu hiyo ipo, na iwapo kioo hakitaziba matundu ya hewa au kitufe cha taa za tahadhari. Apime pia kina cha nafasi, kwani nyuma ya redio pana plagi na nyaya zinazotaka pa kupita.

Hatua ya pili ni umeme. Magari madogo hutumia volti 12, ilhali malori na mabasi mengi hutumia volti 24. Redio ya volti 12 ikiunganishwa moja kwa moja na umeme wa 24 itaungua. Mwenye lori atafute redio inayostahimili volti hizo au kifaa cha kuzipunguza.

Aidha, kuna nyaya tatu ambazo kila mnunuzi anapaswa kuzijua. Katika redio nyingi zinazouzwa madukani, waya wa manjano huleta umeme wa kudumu unaohifadhi kumbukumbu, mwekundu huleta umeme ufunguo unapozungushwa, nao mweusi ni wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari. Rangi hizo ni za redio, si za gari. Waya mwekundu wa gari waweza kuwa na kazi nyingine kabisa, hivyo fundi anayeunganisha rangi kwa rangi bila kupima anabahatisha.

Mwandishi wa makala haya aliyajua hayo kwa gharama. Miaka kadhaa iliyopita, baada ya zamu ya usiku ya kuhariri kurasa, alikuta gari lake kuukuu limezimika kabisa katika maegesho. Betri mpya nayo ilikufa kabla ya juma kwisha. Kumbe fundi aliyefunga redio, aliposhindwa kuupata waya wa ufunguo, aliunganisha mwekundu na wa manjano pamoja. Redio ilikuwa hailali. Kifaa kinachokula ampea moja tu huimaliza betri ya ampea-saa 45 kwa muda usiotimia siku mbili, hata kama gari limeegeshwa.

Betri kufa ni hasara. Moto ni msiba. Fyuzi huwekwa ili ikatike kabla waya haujapata joto la kuwaka. Inapokatika mara kwa mara, baadhi ya mafundi huweka fyuzi kubwa zaidi na mambo yakaonekana shwari. Kilichofanyika hapo ni kumwondoa bawabu mlangoni. Hitilafu ingalipo, na safari hii kitakachoungua ni waya wenyewe, nyuma ya dashibodi, mahali ambapo dereva hawezi kuona wala kufikia upesi.

Kwa sababu hiyo, kifaa muhimu zaidi katika ununuzi mzima huenda kikawa kile cha bei ndogo zaidi: plagi ya kati, ambayo upande mmoja huingia katika soketi ya gari na upande wa pili hupokea redio mpya. Ikiwepo, hakuna waya wa gari unaokatwa, na siku mwenyewe atakapotaka kuirejesha redio ya awali ataweza. Fundi anayefika na mkasi na utepe pekee aulizwe plagi iko wapi. Wahenga walinena kwamba usione vyaelea, vimeundwa.

Hatua ya tatu ni ubongo wa redio. Sokoni kuna aina mbili kuu. Ya kwanza ni kompyuta kamili, yenye mfumo wake wa Android, kumbukumbu yake na programu zake. Ya pili huionyesha simu ya mwenye gari kwenye kioo, kupitia Apple CarPlay iliyozinduliwa 2014 au Android Auto iliyofuata mwaka mmoja baadaye. Nyingine huwa na uwezo wa kufanya yote mawili.

Kwa mwenye gari kuukuu, uwezo wa kuonyesha simu ndio wenye manufaa ya kudumu. Simu hupokea ramani mpya na programu zilizoboreshwa, na hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Kompyuta ya bei ya chini iliyofungwa katika dashibodi mara nyingi hubaki na mfumo ule ule iliyokuja nao, huku programu zikizidi kuwa nzito, hadi kugusa kitufe kunakuwa kubisha hodi kwenye nyumba ya watu waliolala.

Isitoshe, tarakimu za kumbukumbu zinazoonekana kwenye kioo si ushahidi tosha, kwa kuwa mtengenezaji asiye mwaminifu aweza kuifanya redio iandike kiasi isichokuwa nacho. Jaribio ni bora kuliko tarakimu. Redio iwashwe ikiwa baridi, ramani ifunguliwe, muziki uchezwe, kisha gia ya nyuma iingizwe. Picha ya kamera ikikawia sekunde kadhaa, hiyo si kamera ya kutegemewa palipo na watoto. Jaribio hilo lifanywe adhuhuri, nje, kwani kioo kinachovutia chini ya taa za duka chaweza kuwa giza tupu juani.

Redio mpya ikikamata stesheni kwa shida, si lazima iwe mbovu. Baadhi ya magari yana antena inayohitaji umeme, na waya wake mara nyingi husahauliwa. Vilevile, katika nyingi ya redio za Android kuna mahali pa kuchagua eneo la masafa. Likiachwa kwenye Japan, mwenye gari atakuwa amelipa fedha zake kurejea alikotoka.

Tumefika sasa kwenye jambo lenye uzito kuliko yote. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kipimo ambacho vidhibiti kasi vya matatu viliwekewa tangu 2004, gari hukata mita 22 kila sekunde. Dereva anayetazama kioo kwa sekunde mbili amesafiri mita 44 bila macho. Katika umbali huo, mtoto aweza kuvuka barabara na bodaboda kujitoma mbele.

Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, katika mwongozo wake wa 2013, ilipendekeza kwamba kazi yoyote ya kifaa cha gari isimtake dereva aondoe macho barabarani kwa zaidi ya sekunde mbili kwa mara moja, wala zaidi ya sekunde 12 kwa jumla. Nchini Uingereza, sheria hairuhusu dereva awe na skrini ya video mbele ya macho yake anapoendesha, isipokuwa inayoonyesha habari za gari au njia. Nasi hapa Kenya, kanuni za 2016 kuhusu makosa madogo ya trafiki zinamtoza Sh2,000 dereva anayetumia simu ya mkononi gari likiwa katika mwendo.

Watengenezaji wa redio hawakulisahau hilo. Katika redio nyingi upo waya unaopaswa kuunganishwa na breki ya mkono, ili video isionekane ila gari likiwa limesimama na breki imevutwa. Lakini waya huo huunganishwa na bodi ya gari moja kwa moja, redio ikadanganywa kwamba breki imevutwa daima. Kazi hiyo huchukua dakika chache. Kibaya zaidi ni kwamba si hila ya fundi peke yake. Mara nyingi ni mteja mwenyewe anayeiomba, ili atazame kandanda au muziki katika msongamano. Msongamano huisha, gari likaanza kukimbia, na picha ikabaki pale pale.

Mgala muue na haki yake umpe. Skrini iliyochaguliwa na kufungwa vizuri ina faida za kweli. Kamera ya nyuma humwonyesha dereva asichoweza kukiona kwenye kioo cha pembeni, na ndiyo maana Marekani iliilazimisha katika magari mapya madogo kuanzia Mei 2018. Sauti inayotaja njia humwondolea mgeni haja ya kutazama ramani, na kupokea simu kwa kitufe cha usukani ni afadhali kuliko kuitafuta simu kitini. Yote haya huyaacha macho mahali pake. Hicho ndicho kipimo cha kuchagulia: kifaa kinachompunguzia dereva haja ya kutazama ni msaada, kinachomwongezea ni adui.

Serikali nayo ina nafasi yake. Magari ya mitumba hukaguliwa kabla ya kusafirishwa kuja humu, na magari ya uchukuzi wa umma hufikishwa kwa wakaguzi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama. Mkaguzi anayepima breki na taa angeweza pia kuangalia iwapo skrini inacheza video gari likitembea. Lingekuwa jambo la muda mfupi, na lingewapa mafundi waaminifu kauli ya kumjibu mteja msumbufu.

Hadi hilo litakapofanyika, mlinzi ni mnunuzi mwenyewe. Apime nafasi, ajue volti, adai plagi, ajaribu kamera juani, na mwisho amwambie fundi aunganishe waya wa breki ya mkono kama ulivyokusudiwa. Siku atakapoliuza gari, afute majina na nambari za simu zilizohifadhiwa katika redio, asije akawakabidhi jamaa na marafiki kwa mtu asiyemjua.

Akishayatimiza hayo, na achague kioo akipendacho, kiwe cha inchi saba au kumi.