Jumba la Lamu si ghala la samani

Anayenunua jumba la kale Lamu au Shela, awe tajiri wa Nairobi au Mtaliano aliyechoshwa na baridi ya kwao, hupatwa na homa ya kulijaza. Kabla mwaka haujaisha, hakuna pa kupita. Viti vya enzi vimepangwa kama vya mkutano, masanduku ya njumu yamebebeshwa taa, na mlango wa kale umegeuzwa meza.

Jumba lenyewe linaikataa fujo hiyo. Limejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake imebebwa na boriti za mikoko. Boriti haiwezi kuvuka nafasi pana, ndiyo maana chumba huwa na upana wa kama meta 2.8 tu, hata kikiwa kirefu namna gani. Kochi la kisasa lenye kina cha sentimeta 90 linameza karibu theluthi ya upana huo. Waungwana wa karne ya 18 walilijua hilo: vitanda viliwekwa kwenye ncha za msana, ule ukumbi mrefu wa jumba, watu walikaa mkekani, na urembo ukaachiwa ukuta. Katika chumba cha ndani kabisa zilijengwa zidaka za chokaa, safu juu ya safu, za kupangia sahani na bakuli za China. Atakayeziba ukuta huo kwa kabati la vitabu hana udhuru.

Kinachoonewa zaidi ni kiti cha enzi. Ni kiti cha mpingo, kimesimama wima, kina pa kuwekea miguu. Mgongo na kikalio vimesukwa kwa uzi, na mbao zake zimetiwa vipande vya mfupa au pembe za ndovu. Asili yake inabishaniwa: wengine wanaitafuta Misri ya Wamamluki, wengine wanamtaja Mreno. Lisilobishaniwa ni kwamba kiliwekewa mgeni wa heshima. Kimoja au viwili vyatosha. Kupanga kumi sebuleni ni kukivua cheo.

Tena vinatoka wapi vyote hivyo? Mara nyingi kwenye nyumba za wenyewe, siku ambayo karo ya mjukuu imekwama na dalali amebisha hodi na pesa taslimu. Sheria ya Kenya ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inakihesabu kitu kilichotengenezwa kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kukitoa nchini ni lazima kibali. Lakini safari ya kiti kutoka mtaa wa Mkomani, mjini Lamu, hadi baraza ya Shela haipiti forodhani.

Mwenye jumba angewaendea mafundi. Lamu bado ina karakana zinazochonga milango, vitanda na viti, na mteja anayelipa vizuri ndiye anayemfanya kijana akae na patasi badala ya kukimbilia bodaboda. Pembe za ndovu zisitajwe kabisa, maana mkataba wa CITES ulipiga marufuku biashara yake ya kimataifa mwaka 1989; mfupa wa ng'ombe unafanya kazi ileile. Kiti kipya kitang'aa kupita kiasi miezi ya mwanzo, ndiyo. Asipewe fundi amri ya kukizeesha kwa rangi: hewa ya chumvi na makalio ya wageni vitaimaliza kazi hiyo bila malipo.