Doa Si Uchafu

Yako mazoea mabaya katika ufundishaji wa lugha yetu, nayo makala haya yakusudia kuyapinga bila kificho. Ni mazoea ya kuyafunga maneno mengi katika tita moja na kuyaita visawe. Taka, uchafu, doa, waa, ila, dosari, kovu, aibu: mwanafunzi huyakariri yote kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja, akapewa alama zake, akaenda zake. Mwalimu afanyaye hivyo haongezi utajiri wa lugha, aufuja.

Kila neno katika hayo lina kazi yake. Taka huondoka kwa ufagio. Uchafu huondoka kwa maji na sabuni. Doa, ambalo wengine huliita waa, hubaki katika nguo hata baada ya kufuliwa. Ila ni upungufu uliomo katika kitu chenyewe. Kovu ni shahidi wa jeraha lililopona: halimshitaki aliye nalo, bali humkumbusha mtazamaji kwamba palikuwa na kisu au mwiba. Na aibu haikai katika ngozi wala katika nguo. Hukaa katika macho ya watu. Achanganyaye maneno haya huchanganya pia mwenye hatia na asiye na hatia.

Ushahidi hauko mbali. Asimamaye Sanya Juu, wilayani Siha, ana Kilimanjaro upande mmoja, na ng'ambo ya tambarare auona mlima Meru. Miamba ya volkano ya nchi hii ina floraidi, nayo huyeyukia katika maji ya baadhi ya chemchemi na visima, hata chemchemi mbili zisizo mbali zaweza kutofautiana sana. Mtoto anywaye maji yenye floraidi nyingi katika miaka yake minane ya mwanzo, wakati meno ya ukubwani yangali yakijengwa ndani ya ufizi, huota meno yenye gamba dhaifu, na gamba hilo baadaye hushika rangi ya manjano au ya kahawia. Magadi yatiwayo katika makande ili kuyalainisha nayo huweza kuongeza floraidi hiyo. Floraidi haina rangi wala harufu, na maji yaliyo nayo huweza kuwa maangavu kabisa. Mama huyateka kwa imani na kumpa mwanawe kwa mapenzi. Rangi ile haikuja kwa kukosa mswaki, wala haitoki kwa mswaki.

Na watu wasemaje? Wasema, "Ana meno machafu." Neno dogo, hukumu kubwa. Asemaye hivyo ametoa habari ya rangi, kisha, pasipo kujua, ametoa na habari ya tabia: kwamba huyu ni mvivu, hajipendi, hakulelewa. Ndiyo maana twawaona vijana wazuri wa mkoa wa Kilimanjaro na wa Arusha wakifunika midomo kwa viganja wachekapo. Hawakuiba, hawakusema uongo, hawakumdhulumu mtu. Walikunywa maji.

Lugha yetu imetupa chombo cha kuzuia dhuluma hii, nasi twakiacha kipate kutu. Kitenzi kimoja hutoa matatu: kuchafuka, kuchafuliwa, kujichafua. La kwanza huficha mtendaji, la pili humdai, la tatu humtaja kuwa ni mtendwa mwenyewe. Mla rushwa amejichafua, na ni haki kusema jina lake limeingia doa, maana mkono uliolitia doa ni wake. Msingiziwa amechafuliwa, na ni wajibu wetu kumtafuta aliyempaka matope. Lakini mtoto wa Siha au wa Arumeru tumweke wapi? Hakujichafua. Meno yake yametiwa doa na maji, na doa hilo lakaribia kuwa kovu kuliko kuwa uchafu.

Najua jibu litakalotolewa. Watasema: shida ni maji, si msamiati; badilisheni maji, mwache maneno. Hoja hii yaonekana nzito, lakini yasahau kwamba neno ndilo huamua nani alaumiwe, na lawama ndiyo huamua dawa. Tukisema uchafu, dawa ni mswaki na karipio, na mdaiwa ni mtoto. Tukisema athari ya maji, mdaiwa ni chanzo cha maji na wenye dhamana nacho. Hapo ndipo huulizwa maswali ya maana: kwa nini Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4 za floraidi katika lita moja ya maji, kabla ya kushuka hadi 1.5, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani? Mkaa wa mifupa, uliotafitiwa katika kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha kwa ajili ya kuchuja floraidi, umefika nyumba ngapi? Maji ya mvua yakingwa wapi? Hakuna aulizaye hayo maadamu aamini kwamba kasoro ni uvivu wa kupiga mswaki.

Asiyeamini kwamba neno la doa laweza kumla mtu na atazame Kenya. Huko wanasiasa walilichukua neno madoadoa wakawaita hivyo majirani wa kabila jingine, na mwaka 2022, kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano ililiweka katika orodha ya maneno ya chuki. Mtu akisha kuitwa doa, kitendo kinachofuata katika fikira ni kufuta. Meno ya Siha hayajaleta vita; lakini mlango ni ule ule, wa kumfanya mtu kuwa ndilo doa lenyewe.

Kwa hiyo nawataka walimu waache kuuliza kisawe cha doa, waulize tofauti yake na uchafu, na kovu, na aibu. Nawataka watunzi na wachekeshaji waache kutafuta kicheko katika meno ya watu wa milimani. Na mtahini atakayekuta mwanafunzi ameandika kwamba doa na uchafu ni kitu kimoja, asimpe alama. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki ya kwanza ya mtoto huyu ni kuitiwa hali yake kwa jina lake.