Kabla hujasema hana adabu

Wazazi wenzangu,

Mwezi uliopita nilimgombeza binti mmoja mbele ya darasa, na leo nataka kusema kwamba nilikosea. Jina lake silitaji, ila amenikubalia niandike.

Alianza kwetu akiwa mdogo wa kukaa mstari wa mbele. Sasa yuko chuoni anasomea ufamasia, na kila Jumamosi alikuwa anakuja kuwasaidia watoto wa darasa la herufi. Siku hiyo aliingia bila kuniamkia. Mtoto mmoja akawa analia kwa sababu penseli yake imepotea, naye akamjibu, "Kwani mimi ndiye niliyeichukua?" Nikamwambia, tena kwa sauti, kwamba mfamasia asiye na huruma atauza dawa kama anayeuza karanga. Hakunijibu. Wiki iliyofuata hakuja.

Siku chache baadaye nilipita kuchukua dawa yangu ya presha kwenye duka moja la dawa hapa katikati ya jiji, nikamkuta nyuma ya kaunta, yuko kwenye mafunzo ya vitendo. Mbele yangu kulikuwa na kijana mgeni asiye na kadi ya Medicare. Alipoambiwa alipe bei kamili, hasira zake zote zikamwangukia yule binti, utadhani bei aliipanga yeye. Akafuata mzee mmoja aliyekuja kunywa methadoni yake ya siku mbele ya mfamasia, naye alitaka mtu wa kuzungumza naye. Kisha simu ikalia. Binti alimsikiliza kila mmoja, huku mfamasia msimamizi wake akiangalia kila anachofanya. Zamu yangu ilipofika akasema, "Shikamoo Mwalimu," sauti imekauka. Baadaye ndipo nilipojua kwamba kwa siku nzima ile halipwi hata senti, na jioni huenda kuosha vyombo mgahawani ili apate kodi ya chumba.

Mimi ni nesi. Hali ile nilipaswa kuitambua kabla ya mtu mwingine yeyote. Mtafiti wa Marekani, Christina Maslach, ameieleza kwa miaka mingi kwa mambo matatu: kuchoka mpaka ndani, kuanza kuwaona watu kama mizigo, na kujiona hufai kwa kazi yako. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliitambua katika orodha yake ya magonjwa, si kama ugonjwa bali kama hali inayotokana na kazi. Lile jambo la pili ndilo sisi tunaloliita kukosa adabu. Tunamwona kijana amekuwa mkavu, tunasema Australia imemharibu, kumbe huruma anayo, ila ameitumia yote kwa watu asiowajua kabla hajafika kwetu.

Najua wapo watakaosema sisi tulivumilia, watoto wa huku ni laini. Basi tuangalie nyumbani. Mwaka 2024 nchini Kenya, chama cha madaktari, wafamasia na madaktari wa meno kiligoma kwa siku 56, mpaka tarehe 8 Mei. Moja ya mambo makubwa lilikuwa malipo ya watarajali, wale waliomaliza chuo na wako kwenye mwaka wa mazoezi hospitalini, na wafamasia wamo. Makubaliano ya mwaka 2017 yalisema shilingi 206,400 kwa mwezi, serikali ikataka kutoa 70,000. Wale hawakukulia Sydney.

Na hapa pia pesa ina sehemu yake. Tangu Julai 2025 serikali ya Australia inawapa baadhi ya wanafunzi walio kwenye mafunzo ya lazima zaidi ya dola 300 kwa wiki, baada ya kupima kipato chao. Wanaopata ni wanaosomea ualimu, unesi, ukunga na ustawi wa jamii. Wanafunzi wa ufamasia hawamo. Nafurahi kwamba manesi tumekumbukwa, lakini sioni sababu ya kumwacha nje anayesimama kaunta moja na mgonjwa yuleyule. Mbunge wa eneo lako anapokea barua, mwandikie.

Lakini si serikali peke yake. Sisi nasi tumo. Mtoto akianza tu mwaka wa kwanza tunamwita "daktari wetu". Shangazi anapiga picha kidonge alicholetewa kutoka Dar, anamtumia saa sita usiku, na asipojibiwa asubuhi analalamika kwenye kikundi cha WhatsApp. Harusi ikija, mchango wake ni sawa na wa mwenye mshahara. Nami nilimwongezea Jumamosi zake, bila kumuuliza hata mara moja amelala saa ngapi. Lugha yetu ina neno "pole", ambalo huwa nawafundisha watoto kwamba halina mfano wake kwa Kiingereza. Yeye sikumpa.

Nilimpigia simu kumwomba radhi. Akasema, "Hamna neno, Mama," akanyamaza, kisha akaanza kulia. Tumekubaliana apumzike mpaka mafunzo yake yaishe. Kuanzia Jumamosi ijayo darasa la herufi nitalichukua mimi pamoja na la wakubwa, na nahitaji mzazi mmoja wa kukaa na wadogo kuanzia saa nne mpaka saa tano. Aje na penseli za akiba.