Wawekewe Kikomo cha Mishahara? Sawa, Ila Sakafu Kwanza

Kila dirisha la usajili likifunguliwa, mitandaoni hali ni ileile. Inatoka taarifa kwamba mchezaji fulani kasaini mkwanja wa kutisha, na ndani ya dakika 5 watu wameshaanza: "Hii sasa ni kufuru!" "Kwani nesi analipwa ngapi?" "Wawekewe kikomo hawa!" Yule Mjapani wa besiboli aliposaini Los Angeles Dodgers Desemba 2023, dola milioni 700 kwa miaka 10, hata watu ambao hawajawahi kuangalia gemu moja ya besiboli maishani mwao walikuwa na la kusema.

Sasa leo tuliongee hili la kikomo cha mishahara kwa utulivu. Majina ya mastaa sitayataja, mnawajua wenyewe. Msimamo wangu nautanguliza kabisa ili tusizungushane: ligi zenye kikomo zibaki nacho, lakini kwa masharti. Kikomo kisicho na masharti ni njia ya tajiri kumbania mfanyakazi wake, halafu sisi mashabiki tukampigia makofi.

Kwanza tuelewane kinavyofanya kazi

Wengi wanadhani kikomo ni staa kuitwa ofisini na kuambiwa "wewe mwisho wako hapa". Mambo hayo yapo, lakini kikomo chenyewe kinahusu timu nzima: jumla ya mishahara ya kikosi isizidi kiasi fulani kwa msimu. NBA walianza msimu wa 1984/85 na dola milioni 3.6 kwa kila timu. Msimu wa 2025/26 kiasi hicho kimefika kama milioni 154.6. NFL, ile futiboli ya Marekani, walianza 1994 na milioni 34.6. Mwaka 2025 ilikuwa milioni 279.2.

Hizi ligi mbili hazifanani. Kikomo cha NBA ni laini. Timu inaweza kukivuka, hasa ikitaka kumbakiza mchezaji wake, ila ikizidisha sana inalipa kodi ya anasa na inafungwa mikono kwenye usajili. Cha NFL ni kigumu. Ukifika umefika, labda uchezecheze na tarehe za malipo.

Na hizo namba hazitoki kichwani mwa mtu. Zinakokotolewa kutoka kwenye mapato ya ligi. NBA wachezaji wanachukua kati ya asilimia 49 na 51 ya mapato yanayotokana na mchezo. Televisheni zikileta hela nyingi, kikomo kinapanda. Halafu kuna kitu ambacho wapiga kelele wa mitandaoni hawakitaji hata siku moja: kuna sakafu. Timu ya NBA inatakiwa kutumia angalau asilimia 90 ya kikomo kwenye mishahara. Bosi hawezi kusema "mwaka huu nachezesha watoto wa bei chee, hela ya televisheni naweka mfukoni".

Hilo la sakafu lishikilie, tutalirudia.

Faida ipo, tusibishe

Kuanzia 2019 mpaka 2025 NBA imepata mabingwa 7 tofauti ndani ya misimu 7: Toronto, Lakers, Milwaukee, Golden State, Denver, Boston na Oklahoma City. Milwaukee na Oklahoma City si miji ya kutisha kwa ukubwa. Hakuna staa anayeota kwenda kula bata huko. Lakini kombe limefika, na mashabiki wa huko wana kitu cha kuwasimulia watoto wao.

Linganisha na Ujerumani, ambako hakuna kikomo cha namna hiyo. Bayern Munich wamebeba ubingwa mara 11 mfululizo, kuanzia 2013 mpaka 2023. Linganisha na hapa kwetu. Tangu Azam wabebe kombe msimu wa 2013/14 bila kufungwa hata mechi moja, mpaka 2024/25 bingwa ni Simba au Yanga tu. Kabla ya Azam unarudi mpaka Mtibwa Sugar, 1999 na 2000. Shabiki wa Mbeya au Bukoba anaingia msimu mpya akijua kabisa anagombea nafasi ya nne.

Kwa hiyo anayesema kikomo kinasaidia ushindani hajakurupuka. Mpira ambao mshindi anajulikana Agosti unachosha, hata kwa mwenye timu kubwa.

Lakini kikomo si uchawi

Turudi 2016. NBA walikuwa wamesaini dili jipya la televisheni la dola bilioni 24 kwa miaka 9. Hela ikamwagika, kikomo kikaruka kutoka milioni 70 hadi milioni 94 kwa kiangazi kimoja. Golden State walikuwa wametoka kushinda mechi 73 kati ya 82. Tena staa wao mkubwa, aliyekuwa MVP mara mbili mfululizo, alikuwa bado kwenye mkataba wa bei rahisi aliousaini 2012 wakati kifundo cha mguu kinamsumbua: dola milioni 44 kwa miaka 4. Msimu wa 2016/17 alikuwa mtu wa nne kwa mshahara kwenye timu yake mwenyewe!

Nafasi ikapatikana, akaongezwa staa mwingine kutoka Oklahoma City. Matokeo yake ni ubingwa wa 2017 na 2018, na ligi nzima ikabaki kulalamika. Kikomo kilikuwepo muda wote huo. Hakikuzuia kitu, na kwa namna fulani ndicho kilichofungua mlango.

Mifano ipo mingine. NFL wana kikomo kigumu, lakini Kansas City wamecheza fainali 5 za Super Bowl ndani ya misimu 6, wakabeba 3. Besiboli hawana kikomo, wana kodi tu kwa wanaozidisha, na kwa miaka 24 baada ya Yankees wa 2000 hakuna timu iliyotetea ubingwa wake. Mpaka Dodgers walipobeba 2024 wakarudia 2025.

Kocha mzuri, jicho la kuona vipaji na uongozi usiokurupuka bado vina kazi kubwa kuliko hesabu za kikomo. Anayekuuzia kikomo kama dawa ya kila ugonjwa, muulize anauza kwa niaba ya nani.

Hela isiyolipwa inaenda wapi?

Hapa ndipo moyo wa hii ishu ulipo. Tukisema mchezaji asilipwe milioni 50, alipwe 30, zile 20 haziendi kwa nesi. Haziendi kwa mwalimu. Haziendi kwako kwa kushushiwa bei ya tiketi au ya king'amuzi. Zinabaki kwa mmiliki. Huo ndio ugomvi wenyewe: mtu mwenye hela nyingi na mtu mwenye hela nyingi zaidi.

Waingereza wanalijua hili vizuri. Kuanzia 1901 walikuwa na kiwango cha juu cha mshahara kwa kila mchezaji, pauni 4 kwa wiki, kikapanda polepole mpaka pauni 20. Viwanja vinajaa, watu wanasimama kwa maelfu, na fundi aliyewaleta watu wote hao anaondoka na pauni 20. Januari 1961, baada ya wachezaji kutishia kugoma, kikomo kikafutwa. Muda si mrefu nahodha wa England aliyekuwa Fulham akawa anapokea pauni 100 kwa wiki. Mpira haukufa.

Njoo karibu zaidi. Mwaka 2024 kuna binti alijiunga na Indiana kwenye WNBA. Viwanja vilijaa, watazamaji wa televisheni wakavunja rekodi, timu pinzani zikahamisha mechi kwenye kumbi kubwa kwa sababu yake. Mshahara wake wa msimu wa kwanza ulikuwa dola 76,535. Ligi ile ina kikomo, sawa na ya kaka zao, ila mgao wa mapato kwa wachezaji haukuwa hata karibu na nusu. Julai 2025, kwenye mechi yao ya All-Star, wadada wakatoka kupasha wakiwa wamevaa fulana zinazodai walipwe wanachodai. Ujumbe ulifika bila mkalimani.

Halafu kuna yule mfupi wa Barcelona. Agosti 2021 alilia mbele ya kamera dunia nzima ikiangalia. Alikuwa tayari kukatwa nusu ya mshahara. Lakini La Liga inaipa kila klabu kiwango cha matumizi kulingana na mapato na madeni yake, na Barcelona walikuwa wameshajimaliza kwa usajili wa sifa. Akaenda Paris. Waliotengeneza madeni ni viongozi, aliyebeba mabegi ni mchezaji. Sisemi La Liga walikosea kuibana klabu iliyofuja hela. Nasema tuangalie maumivu yanamwangukia nani.

Masharti yangu ni matatu

Sharti la kwanza ni sakafu. Kama kuna kiwango cha juu ambacho timu isizidi, lazima kuwe na cha chini ambacho isishuke. Bila hivyo kikomo ni ruhusa ya kubana tu.

La pili, mgao uandikwe. Wachezaji wajue wanachukua asilimia ngapi ya mapato, na dili la televisheni likikua mishahara ikue pamoja nalo.

La tatu, wachezaji wawe mezani na vitabu vya hesabu viwe wazi. Kikomo kinachoshushwa kutoka juu kinaleta vita. Besiboli walipojaribu kukilazimisha 1994, wachezaji waligoma na World Series ya mwaka huo haikuchezwa. Hoki ya barafu walipoteza msimu mzima wa 2004/05 wakigombania jambo hilohilo. Mkataba wa besiboli kati ya wachezaji na wamiliki unaisha Desemba 2026, na suala la kikomo limeshaanza kunukia tena. Kaa mkao wa kula.

NBA na NFL, pamoja na mapungufu yao, wanakaribia masharti haya. Ndiyo maana nasema wabaki nacho.

Na Bongo je?

Najua wapo wanaosema Simba na Yanga wawekewe kikomo ili wengine wapumue. Nawaelewa, ila naona tutajipiga risasi mguuni.

Marekani wanaweza kuweka kikomo kwenye kikapu kwa sababu staa wa NBA hana pa kukimbilia. Hakuna ligi nyingine duniani itakayomlipa vile. Mchezaji wetu mzuri anapo pa kukimbilia: Morocco, Misri, Afrika Kusini, Uarabuni. Tukiweka kikomo peke yetu tutakuwa tumewafungulia mlango. Yanga wamefika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, Simba wakafika 2025. Hawakufika kwa kubana mishahara. Ukiwashusha wao, klabu ndogo hazipandi. Tunashuka wote.

Tena tatizo kubwa la mchezaji wa Bongo si kwamba analipwa sana. Ni kwamba halipwi. Klabu zetu kadhaa zimeshawahi kufungiwa na FIFA kusajili kwa sababu ya madai ya wachezaji. Na hao waliofika FIFA ni wale wenye mawakili na wakala anayejua njia, wengi wao wageni. Dogo kutoka Singida au Tandahimba anayecheza miezi 4 bila mshahara hana wa kumpigia simu. Anakopa vocha, anakopa nauli ya mazoezini, na Jumapili tunamzomea kwa kukosa nguvu dakika ya 80.

Azam Media walisaini 2021 dili la haki za matangazo la Sh bilioni 225.6 kwa miaka 10. Hiyo ni hela ya kuanzia mazungumzo. Ningependa kuona sehemu ya mgao wa kila klabu inatengewa mishahara tu, haiguswi kwa kitu kingine. Ningependa kuwe na kima cha chini cha mchezaji wa Ligi Kuu, kinachojulikana na kila mtu. Na klabu isiyolipa miezi miwili ikatwe pointi, si kupewa barua ya onyo. Uingereza Everton walikatwa pointi 10 Novemba 2023 kwa kuvuka viwango vya hasara, na hata zilipopunguzwa kuwa 6 baada ya rufaa, kila klabu ilishika adabu. Pointi zinauma kuliko faini.

Hayo yakikaa sawa kwa misimu kadhaa, tukawa na chama cha wachezaji chenye meno, hapo njoo tuongee kikomo. Nitakaa na wewe mezani kiroho safi.

Kwa hiyo siku nyingine ukiona dau la staa limekutoa macho, kabla hujaandika "wawekewe kikomo", jiulize swali moja dogo: kiasi kitakachobaki anakichukua nani? Ukipata jibu linalokuridhisha, lishushe hapo chini tulijadili. Na wewe unayecheza daraja la kwanza na unadai miezi mitatu, shuka pia. Huna haja ya kutaja jina la klabu.