Kabla ya mkanda, jua ngeta inatoka wapi

Karate, taekwondo ama ndondi? Hili swali naulizwa sana na watu wa rika langu hapa Eldoret, wengi wao mabinti, na jibu langu huwakera: kwanza niambie unamwogopa nani.

Sikwepi swali. Ukitembea Uganda Road saa mbili usiku simu ikiwa mkononi, hatari yako ni jamaa aliyepakiwa nyuma ya bodaboda. Anapita, anachomoa, na kabla hujapiga nduru ashavuka Sosiani. Hiyo haina mkanda mweusi. Dawa yake ni simu kukaa mfukoni. Ukishukia Langas ama Munyaka usiku na kukata vichochoro, hatari yako ni ngeta: mkono unatoka nyuma, unakaba shingo, mwenzake anapekua mifuko. Na kama unayemwogopa ana ufunguo wa keja yako, hiyo ni stori nyingine kabisa. Nitaifikia.

Tuanze na ngeta. Shingo ikikabwa vizuri, damu inakatika kwenda kwa ubongo, na una kama sekunde kumi hivi kabla ya giza. Hapo hakuna nafasi ya teke la kichwa. Unashusha kidevu, unashika ule mkono kwa mikono yako yote miwili, unageuza mwili, na yote hayo uyafanye kabla akili haijauliza kinaendelea nini. Sasa niambie, mwili utajuaje kufanya hivyo kama hujawahi kukabwa na mtu anayekaba kwelikweli?

Ndiyo maana naipenda judo. Jigoro Kano alipoianzisha Tokyo mwaka 1882, alichukua mbinu za zamani za Wajapani, na zile za kuvunja na kuumiza vibaya akaziondoa kwenye mazoezi ya kushindana. Ungedhani amepunguza makali. Kumbe ndiyo aliyaongeza, maana sasa wanafunzi wangeweza kushikana na kuangushana kwa nguvu zote leo, na kesho warudi wazima. Mbinu hatari ambayo hujawahi kuijaribu kwa mtu anayekataa ni kama kujifunza kuogelea kwa kuchora mto.

Karate na taekwondo zina heshima yake. Faith Ogallo, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii hapo Bungoma, alifika Olimpiki ya Tokyo kwa taekwondo mwaka 2021, na hilo si jambo dogo. Lakini angalia sheria za mchezo wenyewe. Kwa taekwondo ya Olimpiki, ngumi ya uso hairuhusiwi. Unaweza kufanya mazoezi miaka mitano bila kujifunza kuzuia kitu ambacho mkora wa kwanza atakurushia. Karate nayo, kwenye Olimpiki hiyo hiyo, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa anaongoza fainali, akampiga Sajad Ganjzadeh wa Iran teke lililomzimisha kabisa. Hamedi akatolewa kwa kupiga kwa nguvu kupita kiasi, na aliyezimia ndiye akaamka na dhahabu. Kwa michezo ni haki kabisa. Kwa kichochoro cha Huruma, refa hayuko.

Kuna madojo ya karate ambako watu wanapigana kikweli, najua. Shida ni yale ambayo mwaka mzima ni kurusha ngumi hewani kwa mstari, halafu unalipia mtihani wa rangi mpya ya mkanda. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, kwa hivyo pesa ya kulipia karatasi huwa naihesabu mara mbili.

Kama hupati judo karibu, nasema ndondi. Haitaki nguo nyeupe wala msamiati wa Kijapani, na ni mchezo wetu wa zamani: Robert Wangila alileta dhahabu kutoka Seoul mwaka 1988, na hadi leo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imepata nje ya riadha. Ndondi itakufunza kupigwa. Watu wengi wakigongwa uso mara ya kwanza huganda, wanafunga macho na kusimama wima. Heri ugandie ndani ya jimu, umevaa kinga ya meno, na kocha akikupigia kelele.

Na mbio? Mji mzima ni wa mabingwa, kwa hivyo kila mtu hunitania kwamba hapa self-defence ni kukimbia tu. Ni kweli, kwa mkora wa barabarani. Lakini Septemba 2021 Agnes Tirop aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake pekee. Oktoba 13 aliuawa kwa kisu nyumbani kwake Iten, na mumewe akashtakiwa kwa mauaji. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei, aliyekuwa ametoka tu kukimbia Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa kwake Trans Nzoia. Polisi walimtaja mpenzi wake wa zamani. Alifariki hapa kwetu, MTRH. Hao hawakukosa kasi wala misuli. Kwa hatari ya aina hiyo, judo si jibu la kwanza. Jibu la kwanza ni mtu wa kumwambia mapema, na mahali pa kulala usiku huo. Wanariadha wenzake Tirop waliliona hilo wakaanzisha Tirop's Angels.

Kuna mafunzo ambayo yaliunganisha haya yote, na hayakuwa na mkanda. Kwenye mitaa duni ya Nairobi, wasichana wa shule walifunzwa kwa vipindi sita vya saa mbili mbili: kusema hapana kwa sauti ya kusikika, kujadiliana, kutoroka, na mwisho kabisa kugonga macho na sehemu za siri. Utafiti uliochapishwa 2013 ulionyesha kwamba waliodhulumiwa kingono kwa mwaka walishuka kutoka asilimia 24.6 hadi 9.2. Saa 12 tu. Wengi wa waliowadhulumu walikuwa watu wanaowajua, kwa hivyo kufungua mdomo kulikuwa na kazi kuliko teke. Sijui kwa nini jimu zetu za mji huu hazifunzi kupiga kelele.

Sasa ukitaka kulipa, nenda kwanza ukae pembeni utazame kipindi kimoja. Wanashikana ama wanacheza densi? Mnyonge wa hapo anapewa nafasi, ama ndiye gunia la kupigia? Kuna wanawake wangapi, na kocha anawagusa na kuongea nao vipi? Ukiona kitu hapo kinakukosesha amani, toka. Pia uliza kinaisha saa ngapi. Kama ni saa tatu usiku na steji iko mbali, uliza kama wanatoka pamoja ama kila mtu kivyake.