Harusi ya ufuoni: Ulizeni maji kabla ya kulipa amana

Siku hizi kundi la WhatsApp la kamati ya harusi halimalizi wiki kabla mtu hajatuma picha ya ufuo. Mchanga mweupe, viti vimepangwa safu mbili, tao la maua limesimama mbele, na nyuma yake bahari imetulia tuli kama maji ya beseni. Kisha unafuata ujumbe: “Vipi tukifanyia Diani?”

Ni wazo poa na hatuna haja ya kumkejeli anayelitoa. Kijana aliyekulia Umoja, Kondele au Langas ana haki ya kula kiapo chake akisikia mawimbi, sawa na mtalii aliyetoka Ujerumani.

Kinachotutia wasiwasi ni jinsi ukumbi wenyewe unavyochaguliwa. Wengi huangalia picha, huuliza bei, hutuma amana, halafu ndipo waanze kuuliza maswali. Msimamo wetu ni kwamba mpangilio huo umepinduka. Bahari ina ratiba yake na ufuo una watu wake, na maarusi wakitaka siku yao iende sawa, hayo mawili yaulizwe kwanza, kabla ya shilingi ya kwanza kutoka kwenye M-Pesa.

Tuanze na maji. Bahari ya Pwani ya Kenya hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na tofauti kati ya kujaa na kupwa si mchezo. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Huo ni urefu unaozidi ule wa mlango wa nyumba. Ufuo uliouona mpana kwenye picha unaweza kubaki ukanda mwembamba wa mchanga, au kumezwa wote hadi kwenye ukuta wa hoteli.

Sasa sikiliza jambo ambalo mvuvi yeyote wa Pwani analijua na wapangaji wengi wa harusi kutoka bara hawalijui. Kwenye fuo zetu, siku za bamvua maji hujaa kabisa karibu saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, kisha tena alfajiri. Maana yake ni kwamba maarusi wanaochagua Jumamosi ya mwezi mpevu kwa ajili ya mahaba, na kupanga ibada saa kumi jioni kwa sababu jua limepoa, wamechagua saa ile ile ambayo bahari inautaka mchanga wake. Viti vitalowa. Spika zitalowa. Wageni watasogezwa nyuma safu baada ya safu, na mchungaji atalazimika kufupisha mahubiri.

Ukitaka jioni, tafuta wiki ambayo mwezi ni nusu. Hapo ni maji mafu: hayapandi sana wala hayashuki sana, na alasiri huwa yanapwa, kwa hivyo mchanga upo. Ukitaka tarehe ya bamvua kwa sababu shangazi kapata likizo siku hiyo tu, basi fanya ibada asubuhi, maana wakati huo maji yanarudi nyuma. Ila ujue pia kwamba bamvua likipwa kabisa, maji huenda mbali na kuacha mwani, mawe na vidimbwi. Droni itapiga picha ya mwani.

Habari hizi si siri na hazilipiwi. Majedwali ya maji ya Kilindini yanapatikana mtandaoni, na yanaonyesha saa na kimo cha maji kwa kila siku. Chukua tarehe tatu mnazozitaka, ziangalie zote kwenye jedwali, kisha ndipo mpigie hoteli simu. Meneja akikuambia “hapa maji hayafiki kamwe,” muulize yanafika wapi siku ya bamvua kubwa, na akuonyeshe alama ya mwani mkavu iliyoachwa ufuoni. Alama hiyo ni shahidi mwaminifu kuliko brosha.

Kitu cha pili ni jua. Picha nyingi zinazotuingiza kwenye ndoto hii ni za jua likizama baharini. Zimepigwa California, au Kendwa kule Unguja, ambako ufuo unatazama magharibi. Diani, Nyali, Bamburi na Watamu zinatazama mashariki. Jua hapo huchomoza baharini na kuzama nyuma ya minazi na majengo, huku upande wa bara. Kufikia saa kumi na moja jioni sehemu kubwa ya mchanga huwa kwenye kivuli tayari. Mwenye kiu ya machweo juu ya maji aangalie hori ya Kilifi, hori ya Mida au mkondo wa Lamu. Mwenye moyo wa kuamka mapema atapata Diani kitu ambacho California haina, yaani kula kiapo huku jua likipanda kutoka baharini.

Tatu ni upepo na mvua. Wazee wa Pwani hugawa mwaka kwa kaskazi na kusi. Kaskazi huvuma kuanzia karibu Desemba hadi Machi, na Januari na Februari ni miezi yenye joto kali na mvua kidogo. Kusi hushika kuanzia karibu Aprili, na mwezi Mei huleta mvua nyingi. Julai na Agosti upepo wa kusi huwa na nguvu, shela ya bi harusi hupepea kama tanga, na maneno ya kiapo hupotelea hewani kama kipaza sauti ni cha kubahatisha. Bei za hoteli hushuka Mei kwa sababu. Ukiichukua bei hiyo, mkataba uandikwe wazi kuwa ukumbi wa ndani ni wenu mvua ikinyesha, bila malipo ya ziada, na uwe na nafasi ya wageni wote.

Tumalize hapo habari za bahari, tuje kwa watu.

Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Kwa hivyo hoteli inayokuuzia “ufuo wa faragha” inakuuzia kisicho chake. Inachoweza kukukodishia ni bustani yake, ukumbi wake na vyoo vyake. Mchanga ule ni wa mvuvi anayevuta ngalawa, wa mama anayeuza madafu, wa kijana mwenye ngamia na wa watoto wa kijiji wanaocheza mpira Jumamosi. Ni wako pia, kwa haki ile ile.

Hili lina uzito. Kwa miaka mingi wakazi wa Pwani wamelalamika kuhusu njia za kwenda baharini kuzibwa kwa kuta na mageti. Harusi inayoajiri mabaunsa wa kufukuza watu ufuoni kwa saa tano inaongeza chumvi kwenye kidonda hicho. Haifai mtu aanze ndoa yake kwa kumfukuza mwenyeji kwenye bahari yake.

Suluhisho ni rahisi. Wekeni ibada kwenye nyasi za hoteli, juu ya alama ya maji, bahari ikiwa mbele yenu, kisha mteremke mchangani kupiga picha. Mnaotaka mchangani kabisa, nendeni siku mbili kabla mkaongee na wavuvi na wachuuzi wa pale, na muulizeni kamati yao ya ufuo. Agizeni madafu kwao. Mpeni mmoja wao kazi ya kuwaelekeza wageni. Watu walioshirikishwa hawaharibu sherehe. Watailinda. Na adhana ikilia, DJ apunguze muziki bila kuambiwa. Huo ni uungwana tu.

Ufuo una wakazi wengine pia. Kasa hupanda mchangani usiku kutaga mayai, na vifaranga wao hufuata mwanga wakitafuta bahari. Taa kali zikiwaka usiku kucha ufuoni, huwapoteza. Kama ufuo mnaoupenda uko ndani ya hifadhi ya bahari, kama vile ile ya Watamu, ulizeni KWS kuhusu masharti mapema. Na tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku kwenye fuo na maeneo mengine yaliyohifadhiwa. Chupa ndogo za maji, vikombe na vijiko vya plastiki viondoeni kwenye orodha. Maputo ya kurushwa nayo yaacheni, maana yakipasuka huishia baharini.

Halafu kuna karatasi. Ndoa ya kiserikali inahitaji notisi ya siku zisizopungua 21 kwa msajili, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya 2014, na kumtoa afisa nje ya afisi yake kuna maombi yake. Walio wa dini waongee na viongozi wao kabla ya kuongea na hoteli. Kanisa Katoliki kwa kawaida hufungisha ndoa ndani ya kanisa. Na Waswahili wenyewe, wanaoamka kila siku wakiiona bahari, nikahi yao husomwa msikitini, kisha sherehe huhamia nyumbani na mtaani. Inafaa kulitafakari hilo. Watu wa bahari hawahitaji bahari ili harusi ikamilike. Wanahitaji jamaa na majirani.

Hapo ndipo penye uzito mkubwa kuliko yote, yaani nani atakuwepo.

Tupige hesabu ya kawaida. Wageni 100 kutoka bara, kila mmoja alale usiku mbili kwa Sh4,000, na nauli ya kwenda na kurudi iwe Sh3,000. Hiyo ni Sh11,000 kwa mtu mmoja, na Sh1.1 milioni kwa wote, kabla hata sahani moja ya biriani haijapakuliwa. Kama maarusi ndio wanaolipa, wengi wataingia kwenye mkopo. Kama wageni wanajilipia, basi mmeshachuja orodha kwa kutumia pesa. Binamu mwenye kazi nzuri Westlands atakuja. Yule dada wa jirani aliyekulea mamako akiwa kazini hatakuja, na hatasema ni kwa nini. Ataandika tu kwenye kundi, “Mungu awabariki.”

Na hata atakayefika, je, atafika ufuoni? Nyanya mwenye magoti mabovu hawezi kukanyaga mita 80 za mchanga laini. Kiti cha magurudumu hakisongi humo. Ulizeni kama kuna njia ya mbao au ya saruji hadi pale viti vilipo, choo kiko umbali gani, na kivuli kipo kiasi gani. Kwa wanaokwenda Diani, barabara ya Dongo Kundu imewapunguzia foleni ya feri ya Likoni, lakini basi la wazee bado linahitaji mtu wa kulipokea.

Hatusemi muache. Tunasema mpime. Kuna wanaofanya ibada nyumbani na wazazi wote wakiwepo, kisha wawili wanakwenda baharini kwa fungate na kupiga picha zao kwa utulivu. Kuna wanaoalika watu 30 tu, wanawagharimia wazazi, na wanamweleza kila jamaa mapema ili mtu asijione ametupwa. Kuna wanaotoka bara wakaoana na Wapwani, na kwao ufuo ni nyumbani kwa upande mmoja. Zote hizo ni njia za heshima. Njia isiyo na heshima ni kupitisha bakuli la mchango kwa watu 300 ili watu 60 wale kamba ufuoni.

Kabla ya kutia sahihi, basi, muwe na majibu ya maswali haya kwa maandishi: Maji yatakuwa wapi saa ya ibada? Mvua ikinyesha tunahamia wapi? Bei hii ina kodi, viti, hema, jenereta na vipaza sauti, au kila kimoja kina bili yake? Muziki unazimwa saa ngapi? Tukiahirisha, amana inarudi kiasi gani? Na swali ambalo hoteli haiwezi kuwajibia: yule mtu mmoja ambaye bila yeye harusi hii haina maana, je, ataweza kufika na kuketi?

Wahenga walisema maji yakijaa hupwa. Shamrashamra za siku ile nazo zitapwa, maua yatafagiliwa, na picha zitasukumwa chini na picha za harusi nyingine. Deni na kinyongo cha jamaa aliyeachwa ndivyo vinavyochelewa kupwa. Kaeni chini wawili, jedwali la maji mkononi na orodha ya wageni kando yake, muamue kabla hoteli haijawaamulia.